Lori Likichemsha, Asilaumiwe Utingo

Kila aliyesafiri kutoka Nzega kuja Singida anaufahamu Mlima Sekenke. Ukishaipita Shelui, barabara inayaacha mabonde ya Wembere na kuanza kupanda, na malori yenye mzigo hupanda kwa gia ndogo, injini zikilia. Hapo ndipo huwakuta waliokwama kando ya njia: kichwa cha lori kimeinuliwa, mvuke unafuka, na utingo anakimbia na dumu la maji. Dereva amekaa kivulini, na maneno anayomrushia utingo hayafai kusomwa redioni. Utingo hakujaza maji. Utingo hakutazama rejeta. Utingo ndiye aliyeua injini.

Leo nataka kuzungumza juu ya mashine nyingine iliyochemsha. Hii haikuchemkia mlimani bali ndani ya studio yetu, juu ya meza yenye kitambaa safi. Na sisi tuliosoma tulifanya vilevile kama dereva yule. Nasema sisi, lakini mtanisikia mbele ya safari nikitaja jina langu peke yake.

Mashine yenyewe ni kompyuta tunayochanganyia vipindi. Tuliipata kwa msaada, na ni ya aina inayopozwa kwa maji. Najua wapo watakaoshangaa, maana tangu utotoni tumefundishwa kwamba maji na umeme havikai nyumba moja. Lakini jambo hilo si geni. Kampuni ya IBM ya Marekani ilikuwa ikipoza kompyuta zake kubwa kwa maji tangu miaka ya 1960, na ile kompyuta iliyovuma sana ya Cray-2, iliyotoka mwaka 1985, ilizamishwa mitambo yake ndani ya kimiminika kisichopitisha umeme.

Sababu ni joto. Ndani ya kila kompyuta mna kipande kidogo kiitwacho prosesa, ambacho ndicho hufanya mahesabu yote. Kila hesabu ina joto lake. Prosesa kubwa za siku hizi, zikifanya kazi kwa nguvu, hula wati 100 na hata 200 za umeme, na umeme huo wote huishia kuwa joto. Aliyewahi kugusa balbu ya zamani ya wati 100 iliyokuwa ikiwaka anajua ninachosema. Sasa likusanye joto hilo mahali pasipozidi ukubwa wa stempu ya barua.

Ili joto hilo liondoke, juu ya prosesa hupakwa grisi maalumu ya kupitisha joto, kisha huwekwa bamba la shaba lenye vijia vyembamba ndani yake. Pampu ndogo husukuma maji yapite katika vijia hivyo. Maji yakishapata joto hutoka kwa mpira mmoja hadi kwenye rejeta, feni huipulizia rejeta, na maji yaliyopoa hurudi kwa mpira wa pili. Basi. Ni rejeta ya lori iliyopunguzwa ikatosha kubebwa mkononi. Maji hupendwa kwa sababu lita moja ya maji hubeba joto zaidi ya mara 3,000 kuliko lita moja ya hewa kwa kiwango kilekile cha kupanda. Lakini naomba msikilizaji ulishike neno hilo: hubeba. Maji hayalizimi joto. Yanalichukua hapa na kulipeleka pale, na kama pale hapapokei, joto litarudi lilikotoka.

Mwezi Oktoba kompyuta yetu ilianza kujizima. Prosesa nyingi za kompyuta za mezani zimewekewa kikomo cha nyuzi 95 hadi 100 za Sentigredi. Ikikaribia hapo hujipunguzia kasi ili isiungue, na joto likizidi kupanda hujizima kabisa. Yetu ilijizima jioni moja tukiwa katikati ya kuhariri mazungumzo na bibi mmoja wa Ikungi juu ya kilimo cha alizeti. Kazi ya mchana kutwa, ambayo hatukuwa tumeihifadhi, ikapotea. Siku iliyofuata ikajizima tena, na siku ya tatu mara mbili.

Tukamwita fundi kutoka mjini. Akaiwasha, akatazama, akasema prosesa imekufa na pengine bamba lake kuu nalo limeathirika. Bei aliyotaja ilipita shilingi milioni moja. Hakupima kitu.

Ndipo kikaitishwa kikao. Katika kikao ikakumbukwa kwamba mwezi Julai kijana wetu wa mitambo aliifungua kompyuta ile kuifuta vumbi. Nani mwingine aliigusa? Hakuna. Basi neno likawa moja. Kijana akajieleza kwamba alipuliza vumbi tu, hakugusa maji wala waya, lakini maelezo yake yalisikika kama ya utingo wa Sekenke. Ikaamuliwa akatwe theluthi moja ya mshahara kila mwezi mpaka mashine ilipwe. Kijana ana mke na mtoto mchanga. Nilikuwamo katika kikao hicho, na mkono wangu ulinyooka pamoja na mikono ya wengine.

Wiki chache baadaye nilikwenda Misigiri kwa shughuli za msiba. Nikaketi karibu na mzee mmoja aliyetengeneza malori kwa zaidi ya miaka thelathini, na katika kupitisha muda nikamsimulia habari ya mashine yetu. Nilitarajia acheke. Hakucheka. Akaniuliza swali moja:

"Mwanangu, inachemsha ikiwa bado Shelui, au ikishafika juu?"

Nikamwambia mzee, ile ni kompyuta, haipandi mlima. Akasema kila mashine ina mlima wake. Kisha akanieleza. Gari linalochemsha mara tu linapoanza kuvuta, kabla ya mlima wenyewe, tatizo lake liko karibu na moto: maji hayapo, au yapo na hayatembei. Tazama pampu, mkanda, thamostati. Lakini gari linalopanda vizuri na kuchemsha polepole kadiri linavyoendelea, maji yake yanatembea na joto linafika kwenye maji. Kinachoshindikana ni joto kutoka. Tazama rejeta na upepo. "Usiniambie limefika nyuzi ngapi," akasema. "Niambie limefikaje."

Ndugu msikilizaji, mimi nina stashahada ya uandishi wa habari, na kazi yangu kwa miaka mingi imekuwa kuwauliza watu mambo yametokeaje. Swali hilo sikuwa nimeliuliza.

Jumatatu nikamwita kijana. Tukachukua saa ya mkononi na daftari, tukafungua programu inayoonyesha joto la prosesa. Kompyuta ilipowashwa na kuachwa bila kazi kwa dakika chache, ilisoma nyuzi 58. Tukaipa kazi nzito ya kuchanganya sauti. Ndani ya sekunde chache ikaruka hadi 70. Mruko wa namna hiyo ni wa kawaida, maana prosesa hupata moto papo hapo ikipewa kazi. Kisha ikaanza kupanda polepole. Dakika ya 5 ilikuwa 79. Dakika ya 15 ilikuwa 90. Dakika ya 26 ikagusa 100 na kujizima. Haikuchemkia Shelui. Ilichemkia juu.

Kama ingeruka hadi 95 ndani ya sekunde hizo za mwanzo, tungejua kwamba joto haliyafikii maji. Ama grisi imekauka, ama bamba limelegea skrubu na halikulala sawasawa juu ya prosesa, ama pampu imesimama. Lakini haikuwa hivyo. Tukahakikisha kwa vidole. Tulipogusa mipira yote miwili, ilikuwa na uvuguvugu unaokaribiana, na kwa mashine ya aina hii ndivyo inavyotakiwa. Mmoja ukiwa wa moto sana na mwingine baridi, maji yanakwenda kwa kusuasua. Yote miwili ikiwa baridi huku prosesa inaungua, huenda maji hayaendi kabisa. Tukaigusa pampu, ikawa inatetemeka kidogo chini ya kidole, bila mlio wa kugugumia ambao huashiria hewa imeingia. Pampu nzima. Maji yanatembea. Na prosesa iliyotangazwa kufa ilikuwa hai, ikijizima yenyewe kwa wakati ili isife.

Ikabaki rejeta. Tukachomoa waya wa umeme ukutani na kufungua ubavu wa kompyuta. Feni zilikuwa safi, zinang'aa. Kwa macho ungesema hapana kasoro. Lakini tulipozifungua skrubu na kuzitoa, tukaona kilichokuwa nyuma yake. Kati ya feni na rejeta mlikuwa na tandiko la vumbi la rangi ya udongo wetu wa Singida, limechanganyika na nyuzinyuzi za zulia tulilotandika studio, limeshikamana kama kipande cha blanketi. Kijana alipopuliza mwezi Julai alipuliza kutoka nje, feni zikasafika, na sehemu ya vumbi ikasukumwa ndani na kubanana kwenye mapezi ya rejeta. Hakuna aliyemwelekeza kwamba feni hutolewa kwanza, wala kwamba rejeta hupulizwa kutoka upande wa pili ili vumbi lirudi lilikoingilia.

Tukasafisha kwa brashi laini, tukapuliza, tukarudisha kila kitu mahali pake. Tukapima upya kwa kazi ileile. Safari hii haikujizima. Ilipanda ikatulia kwenye 88. Kijana akashusha pumzi. Mimi sikutulia, kwa sababu 88 bado ilikuwa karibu mno na kikomo.

Nikampigia mzee simu. Akasema: "Rejeta safi haitoshi. Huo upepo wa feni unatoka wapi, na unakwenda wapi?"

Hapo, ndugu msikilizaji, ndipo niliponyamaza.

Kompyuta ile hukaa ndani ya kabati la mbao lenye milango miwili. Tulikuwa tumeitoa nje kwa kusafisha, kisha tukairudisha ndani na kufunga milango kama kawaida. Tukaweka kipimajoto chumbani, kikasoma nyuzi 29. Tukakiingiza ndani ya kabati baada ya nusu saa ya kazi, kikasoma 44. Feni zilikuwa zinavuta hewa ya moto iliyotoka kwenye rejeta na kuirudisha palepale kwenye rejeta. Maji hayawezi kupoa chini ya hewa inayoyapoza. Kama hewa ni nyuzi 44, hesabu ya joto la prosesa huanzia hapo, haianzii sifuri. Tukafungua milango na kuisogeza kompyuta kutoka ukutani. Baada ya muda ikatulia kwenye 73. Nyuzi 15 zimeondoka bila kununua hata msumari.

Sasa swali: nani aliyeamuru kompyuta iwekwe kabatini? Ni mimi. Ilikuwa mwezi Juni. Mlio wa feni ulikuwa unaingia kwenye maikrofoni, nami nikamwita seremala. Wakati huo wa Juni na Julai Singida ni baridi, upepo unavuma, chumba hakipiti nyuzi 20 na kitu. Kabati liliongeza nyuzi zake 15, na mashine ikavumilia kwa sababu hali ya hewa ilikuwa ikitulipia deni. Oktoba ilipofika, jua likaacha kutulipia. Kosa la Juni likaonekana Oktoba, na katikati yake kulikuwa na kijana aliyefungua mashine Julai. Macho ya kikao yakamwona yeye, kwa kuwa ndiye aliyeonekana na bisibisi mkononi. Aliyetoa amri hakuwa na bisibisi. Alikuwa na kalamu.

Nilirudi kikaoni na daftari lile. Nilisoma tarakimu moja baada ya nyingine, kisha nikasema maneno ambayo kwa mtu wa umri wangu si mepesi kuyasema mbele ya vijana: nilikosea. Makato yakafutwa, na fedha za mwezi mmoja alizokwisha katwa zikarudishwa. Kijana hakusema mengi. Aliuliza tu kama daftari la joto angeweza kubaki nalo, ili awe anaandika kila Jumatatu.

Wapo watakaosema jambo hili ni dogo, la ofisi moja. Mimi naona ni desturi yetu pana zaidi. Mwaka 1974 Serikali yetu ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, baada ya mitambo iliyoletwa kwa kazi za hesabu kushindwa kutoa manufaa yaliyotarajiwa. Marufuku hiyo ililegezwa miaka mingi baadaye, na leo kompyuta ziko shuleni, hospitalini na katika ofisi za kata. Lakini je, tumejifunza kutenganisha mashine mbovu na matunzo mabovu? Tukipokea kompyuta za msaada hufanyika sherehe na kukatwa utepe. Fungu la kununua brashi, grisi na kumfundisha mtu mmoja halitajwi. Mashine ikizima, tunatafuta wa kumlaumu, au tunaandika barua kuomba nyingine.

Kwa walio na mashine za namna hii, nawaachia mambo machache.

Kwanza, andika joto la mashine ikiwa nzima, na joto la chumba siku hiyo. Mgonjwa hajulikani kwa asiyemwona akiwa mzima. Ukikuta prosesa imepanda nyuzi 10 na chumba nacho kimepanda 10, mashine haina ugonjwa mpya. Ni msimu. Chumba kikiwa kilekile na prosesa imepanda, hapo anza kutafuta.

Pili, tazama namna joto linavyopanda. La ghafla kupita kawaida, tafuta kwenye grisi, bamba na pampu. La polepole, tafuta kwenye rejeta, feni na chumba. Anza na yasiyogharimu kitu: fungua kabati, sogeza kutoka ukutani, safisha. Kununua kuwe mwisho.

Tatu, pampu ichomekwe mahali pake. Fundi akishaichomeka kwenye tundu la feni linalopunguza kasi, maji yatatambaa. Na rejeta isikae chini kabisa ya pampu, kwa sababu hewa iliyomo ndani ya mzunguko hupanda juu, na pampu ikiwa ndiyo iliyo juu itaivuta hewa hiyo. Mitambo iliyofungwa kiwandani hupoteza maji kidogo kidogo kupitia mipira. Ikishafikisha miaka kadhaa na kuanza kugugumia, imezeeka kweli, na hapo kubadili si ubadhirifu.

Nne, yule ambaye mtambo wake unaruhusu kuongezwa maji, asichote kisimani. Visima vyetu vingi vina chumvi, na ushahidi uko jikoni: angalia ukoko mweupe ndani ya birika. Ukoko huohuo utaziba vijia vya shaba vilivyo vyembamba kuliko kijiti cha kiberiti. Tumia maji yaliyotoneshwa au maji maalumu yanayoelekezwa na mtengenezaji. Hata wa malori wanaosikia, hili linawahusu.

Tano, tukumbuke tuliko. Mji wa Singida uko yapata mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa karibu sehemu moja ya saba, hivyo feni ileile inayotosha pwani hapa hupeperusha hewa pungufu. Ongeza vumbi letu la kiangazi, utaona kwamba mashine iliyoandikiwa kusafishwa mara moja kwa mwaka, hapa isafishwe mara tatu.

La mwisho halihusu maji wala umeme. Kama kuna kijana ofisini kwako, au dukani, au kwenye lori lako, ambaye mshahara wake unakatwa kwa ajili ya chombo kilichoharibika mikononi mwake, muulize swali la yule mzee wa Misigiri. Lilichemkaje? Nani aliamuru nini kabla yake? Mkipima na ikaonekana ni yeye, mtakuwa mmetenda haki. Lakini pimeni kwanza. Mkono ulionyooka kikaoni ni rahisi kuushusha. Unga uliokosekana nyumbani kwa kijana mwezi ule, mimi sikuweza kuurudisha kwa siku zilizokwisha kupita.

Kabati nimempa seremala alitoboe mgongo na kuweka wavu. Mlio wa feni mtausikia kidogo nyuma ya sauti yangu leo. Naomba mniwie radhi, ni mlio wa mashine inayopumua.